SPEA ZA LORI: ZA KAMPUNI AU ZA MTENGENEZAJI MWINGINE?
Somo kwa vikundi vyenye gari la mzigo



Katika ziara zetu vijijini tumeulizwa swali moja mara nyingi. Vikundi kadhaa hapa Uasin Gishu, na kwa majirani zetu wa Trans Nzoia, Nandi na Elgeyo Marakwet, vimechanga pesa vikanunua lori. Lori linabeba mahindi kutoka Ziwa na Moi's Bridge, linaleta mbolea, linateremka bonde la Kerio kuchukua maembe. Halafu siku moja linaharibika. Fundi anaandika orodha ya spea. Mweka hazina anafika mjini Eldoret na kukuta spea ile ile ina bei tatu katika maduka matatu ya mtaa mmoja. Anunue ipi?

Wengine husema, "Nunua jenuini tu, mengine ni takataka." Wengine husema, "Jenuini ni kulipia jina, nunua ile ya bei nafuu." Sisi tumejaribu njia zote mbili, na zote mbili zilituumiza. Kwa hiyo tuanze na yetu.

LILILOTUPATA SISI

Ofisi yetu ilikuwa na lori la dizeli la tani saba. Mwaka wa kwanza tulikuwa na haraka ya kubana matumizi. Kila tulipobadilisha oili tulinunua filta ya bei ya chini kabisa. Boksi lilikuwa zuri, lenye nembo tunayoijua, na muuzaji akatuambia, "Hii ni ile ile tu, mzee, tofauti ni bei." Kumbe! Mavuno yalipofika, lori likiwa limebeba magunia 70, injini ikaanza kugonga. Fundi alipoifungua alikuta beringi za krenki zimekwisha. Alipoikata ile filta kwa msumeno, karatasi ya ndani ilikuwa imeraruka. Oili ilikuwa ikizunguka na uchafu wake wote.

Tukaapa kwamba kuanzia siku hiyo kila kitu kitatoka kwa wakala wa kampuni. Mwaka uliofuata tukanunua kwake kioo cha pembeni, taa za nyuma, madigadi na hata mpini wa mlango. Pesa ikaisha kabla ya kufika kwenye breki. Tukasema breki zitangoja mwezi ujao.

Hazikungoja. Lori lilikuwa likiteremka kutoka Iten kuelekea Tambach. Wenye kuijua barabara ile wanaelewa: kutoka Iten hadi chini ya bonde unashuka zaidi ya mita 1,000, kona baada ya kona. Dereva alikanyaga pedali ikaenda chini bila kushika. Mungu ni mwema, alikuwa amekwisha kuingiza gia ndogo, akaliegemeza lori kwenye ukingo wa udongo likasimama. Raba ya silinda ya gurudumu ilikuwa imeraruka na maji ya breki yamevuja yote. Raba hiyo ni ndogo kuliko kifuniko cha chupa. Lori letu lilikuwa na kioo kipya cha jenuini, na breki haikuwepo.

Tulijifunza hivi: swali la jenuini au si jenuini haliulizwi mara moja kwa gari zima. Linaulizwa kwa kila spea, moja moja.

AINA NNE ZA SPEA

Watu wengi wanadhani kuna aina mbili, nzuri na feki. Ukweli ni kwamba kuna nne.

1. Spea ya kampuni iliyotengeneza lori, inayouzwa na wakala katika boksi la kampuni hiyo. Hii ndiyo wengi tunaiita jenuini. Ina bei ya juu, lakini unajua ilikotoka.

2. Spea ya mtengenezaji mwingine anayejulikana, katika boksi lenye jina lake mwenyewe. Hapa wengi wanakosea. Kampuni ya magari haitengenezi kila kitu. Hununua beringi, klachi, pampu na nozeli kutoka viwanda vingine, kama vile NSK na Koyo wa beringi, Exedy wa klachi, Denso na Bosch wa mitambo ya dizeli. Viwanda hivyo pia huuza bidhaa zao kwa majina yao, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya wakala. Tena kuna betri, springi na filta zinazotengenezwa hapa hapa Kenya. Spea ya namna hii si feki. Haijajificha.

3. Spea kuukuu iliyotolewa kwenye gari jingine, hasa zile zinazotoka Japani. Mlango, kabini, gia boksi au difu la namna hii linaweza kukufaa likikaguliwa vizuri.

4. Spea feki. Hii ni ile inayovaa jina la mwingine. Imetengenezwa kokote, ikatiwa katika boksi lenye nembo ya kampuni kubwa. Ndiyo iliyotuua sisi. Angalieni: hatukudanganywa na spea ya mtengenezaji mwingine. Tulidanganywa na spea iliyojiita jenuini.

Kwa hiyo boksi lenye nembo si ushahidi.

KWA NINI DIZELI HAINA HURUMA

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto wa kutosha kuwasha mafuta. Kwa hiyo kazi yake ni ya nguvu sana, na vyuma vyake vinakaliana karibu mno. Ndani ya nozeli, nafasi kati ya chuma na chuma ni kama maikroni 2 hadi 4. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Vumbi usiloliona kwa macho linatosha kukwaruza nozeli. Na katika malori ya siku hizi yenye mitambo ya kompyuta, mafuta husukumwa kwa nguvu inayozidi mara 1,000 ile ya hewa inayotuzunguka. Hapo filta mbovu ya dizeli inaweza kuharibu pampu yenye thamani ya mavuno mazima.

Filta ya oili nayo si karatasi tu. Filta nyingi zina valvu moja inayozuia oili isimwagike yote chini injini ikizimwa, ili asubuhi isiwake kavu. Tena ipo valvu nyingine inayofunguka karatasi ikiziba, ili injini isikose oili kabisa. Ukiitazama kwa nje huwezi kuziona. Mwenye kutengeneza feki anajua kwamba huwezi kuziona.

SWALI LA KUULIZA

Mbele ya kila spea katika orodha ya fundi, ulizeni hivi: hii ikivunjika njiani, ni nani ataumia na ni nini kingine kitaharibika? Jibu litaigawa orodha katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: ikivunjika, mtu anaweza kufa. Hapa kuna laining za breki, raba na paipu za breki, vyuma vya usukani, kingipini, beringi na boliti za magurudumu. Nunueni ya kampuni, au ya mtengenezaji anayejulikana kutoka duka mnaloliamini. Msinunue kuukuu. Pesa ikiwa haitoshi, lori lisimame. Na fundi asipulize vumbi la breki kwa hewa, kwani laining nyingine, hasa za zamani, zilikuwa na asbesto ambayo huharibu mapafu. Alifute kwa kitambaa chenye maji.

Fungu la pili: ikivunjika, inaua injini. Hapa kuna filta zote tatu (oili, dizeli na hewa), nozeli, pampu, beringi za krenki, ringi za pistoni, mkanda wa feni na gasketi ya silinda hedi. Aina ya kwanza na ya pili zote zinafaa. Nozeli na pampu zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, zisifunguliwe chini ya mti. Filta ya hewa msiisahau. Barabara zetu za mashamba, Januari na Februari, ni vumbi tupu.

Fungu la tatu: ikivunjika, ni usumbufu tu. Vioo vya pembeni, madigadi, mipini ya milango, viti, vipande vya kabini. Hapa okoeni pesa bila aibu. Kuukuu inafaa, na ya fundi wa jua kali inafaa. Taa ziwake tu na zionekane usiku, hilo halina mjadala.

Jambo moja zaidi. Kama lori lenu ni jipya na bado lina dhamana, someni masharti yake kabla ya kutia spea yoyote ya nje au kulipeleka kwa fundi mwingine.

MKIFIKA DUKANI

Msiende na jina la gari peke yake. Malori yamekuwa yakiunganishwa hapa Kenya, Nairobi, Thika na Mombasa, tangu miaka ya 1970, na mengine yalikuja yakiwa yametumika Japani. Mawili yanaweza kufanana kwa sura lakini yakatofautiana injini au breki. Kwa hiyo:

- Andikeni namba ya chesisi na namba ya injini katika daftari. Wakala atawatafutia namba ya spea kwa hizo. Hata mkiinunua kwingine, namba hiyo itawaongoza.
- Bebeni spea ya zamani. Linganisheni ukubwa, uzito, nyuzi za skurubu na namba iliyogongwa kwenye chuma.
- Tazameni boksi. Maandishi yenye makosa, rangi iliyofifia, au namba ya boksi isiyolingana na ya spea, hizo ni dalili mbaya.
- Bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine yote, jiulizeni nusu nyingine imekwenda wapi.
- Daini risiti yenye jina la duka, tarehe, namba ya spea na jina la mtengenezaji. Muuzaji akikataa kuandika jina hilo, amekwisha kuwajibu.
- Waende watu wawili, asiende fundi peke yake. Hatusemi mafundi ni wezi, wengi ni waaminifu. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na jicho moja halilindi mali ya watu thelathini.
- Boksi la jenuini likiisha kazi, lichaneni. Wapo wanaoyaokota na kuyajaza feki.

HESABU

Tufanye mfano wa kuhesabu. Bei hizi ni za mfano tu, ulizeni za kwenu. Tuseme filta feki ni shilingi 700 na nzuri ni 1,700. Mkibadilisha mara sita kwa mwaka, mtakuwa "mmeokoa" shilingi 6,000. Tuseme kufanya injini upya ni shilingi 300,000. Gawanyeni: ni miaka 50 ya akiba hiyo. Na hapo hatujahesabu mahindi yaliyonyeshewa barabarani wala wateja waliotafuta gari jingine.

Shida kubwa ya vikundi ni kwamba uamuzi hufanywa lori likiwa limekwisha kulala njiani. Wakati huo kila mtu ana haraka, na mwenye haraka hununua chochote. Basi wekeni kando kiasi fulani kila safari. Mkiweka shilingi 1,000 kwa safari, na safari ni nane kwa mwezi, kwa mwaka mna 96,000. Pesa hiyo iitwe pesa ya spea, isiazimwe kwa jambo jingine lolote.

Pia wekeni daftari la lori: tarehe, kilomita, spea iliyotiwa, imetoka duka gani, imedumu muda gani. Baada ya miaka miwili daftari hilo litawaambia mengi kuliko muuzaji yeyote. Na kila mkibadilisha filta ya oili, fundi aikate ile ya zamani mbele yenu. Mkiona karatasi imeraruka au vipande vya chuma vinang'aa, mmepata onyo mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MKIUZIWA FEKI

Msinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro yake. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008, na ipo mamlaka ya serikali ya kupambana nazo. Shirika la Viwango, KEBS, nalo hupokea malalamiko. Lakini mtahitaji risiti, boksi na spea yenyewe, msizitupe.

Wenzetu, lori la kikundi ni jasho la watu wengi. Dereva anayeteremka Tambach usiku hajui mlijadili nini katika mkutano. Anajua tu pedali inashika au haishiki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho lori letu lilipotengenezwa, ni nani aliyechagua spea? Je, risiti tunayo?
2. Chukueni orodha ya spea za mwaka uliopita. Zigaweni katika mafungu matatu. Pesa nyingi ilienda fungu gani?
3. Tukiambiwa leo breki zinahitaji spea mpya na pesa haipo, je, tuko tayari kulisimamisha lori? Andikeni uamuzi wenu katika kumbukumbu za mkutano, na mpeni dereva nakala.