Usalama nyumbani: ekru za zamani za freni

Ndugu mfanyakazi, kazini hufungui tiyo yenye presha bila kujua kilicho ndani. Basi usifanye hivyo nyumbani siku ya posho, unapofufua motokari ya zamani.

Tuchukue Volkswagen Coccinelle ya miaka ya 1960. Nyingi za wakati ule zina njia moja tu ya mafuta ya freni kwa magurudumu yote 4. Tiyo moja ikipasuka, pedali inashuka mpaka chini, na wewe unabaki na freni ya mkono peke yake.

Kwanza zuia magurudumu, na gari likae juu ya miguu ya chuma. Kriki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Vaa miwani. Vumbi la ndani ya ngoma za zamani lina amianti: usilipulize kwa hewa, lilowanishe kwa maji na ulipanguse kwa kitambaa.

Safisha ekru kwa burashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, tia tena asubuhi. Ekru hizi ni za 11 mm. Ufunguo wa kawaida unashika pande 2 tu na kuzila. Tafuta ufunguo wa tiyo: unafanana na ule wa pete, lakini una mwanya wa kupitisha tiyo. Kaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo ufungue. Kwenye tiyo ya mpira, shika upande wa pili kwa ufunguo mwingine, la sivyo utausokota mpira.

Mara nyingi ekru inazunguka pamoja na tiyo. Ukiniuliza, sioni faida ya kuhurumia tiyo ya miaka 50. Weka beseni chini, ikate karibu na ekru, kisha vika duyi ya pande 6. Itatoka. Usilete shalumo: mafuta ya freni yanawaka, na silinda iliyofungwa ikipata moto inaweza kupasuka.

Sasa tiyo mpya. Sisi ni watu wa shaba, na kipande cha tiyo ya frigo hakikosekani nyumbani. Usikiweke! Shaba tupu ikitikisika siku nyingi inakuwa ngumu na kupasuka. Tumia tiyo ya chuma ya freni, au ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Wala usiazime ekru ya Land Rover ya zamani. Ya Kiingereza ni 9.5 mm, ya Volkswagen ni 10 mm. Inaweza kuingia na kuonekana imeshika, halafu ukikanyaga kwa nguvu inang'oka.

Usioshe silinda kwa esanse, inavimbisha mipira. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe, maana yamenyonya maji: mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kuanzia 205 °C, yaliyonyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140 °C tu. Yanakula rangi ya gari pia. Wewe mama, usikubali yawekwe katika chupa ya limonadi: mtoto atakunywa sumu.

Toa hewa ukianza gurudumu la mbali: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Kisha mwenzako akanyage pedali kwa nguvu zote dakika nzima, nawe upitishe karatasi kavu kwenye kila ekru. Ikilowa hata kidogo, gari halitoki uani.