ADUI ALIYE NDANI YA JANI

Ndugu yangu kijana, hebu simama kidogo usome. Hata kama una haraka, soma mpaka mwisho.

Je, umewahi kuona jani la maharage lenye mstari mweupe uliopinda-pinda kama njia ya nyoka? Wengi husema, "Ni ugonjwa tu." Hapana! Ndani ya mstari ule yumo anayekula. Chuma jani, liinue juani, utamwona mwenyewe: funza mdogo wa njano. Huyo ni mtoto wa inzi. Wakulima humwita kidomozi.

1. ANAINGIAJE?

Inzi mama ana milimita 2 hivi tu, mweusi mwenye njano. Anatoboa jani, ananyonya maji yake, na katika matundu mengine anaficha yai. Siku chache tu, funza ametoka. Anakula nyama ya jani, ngozi ya juu na ya chini anaziacha. Kwa nje jani lipo, kwa ndani linakwisha! Akishiba anapasua ngozi, anaanguka chini, anajifungia kwenye ganda. Penye joto, wiki 3 hivi zatosha, yai limekuwa inzi.

Wako wa aina nyingi. Wengine hula jamii moja tu ya mimea. Lakini huyu aitwaye Liriomyza trifolii hachagui sana: maharage, njegere, nyanya, matango, hata maua. Aliingia Kenya mwaka 1976 ndani ya vipandikizi vya maua kutoka Florida, Marekani. Ua zuri, kumbe limebeba mwizi!

2. KWA NINI DAWA IMEKUSHINDA?

Umekopa hela, umenunua dawa, umepiga leo, umepiga tena kesho kutwa. Mbona mistari inaongezeka? Sikiliza. Dawa nyingi hubaki juu ya jani, na funza yuko ndani. Tena inzi hawa wameshazoea dawa nyingi. Na kubaya zaidi, umewaua rafiki zako! Wako nyigu wadogo sana, kama Diglyphus isaea. Nyigu mama humtafuta funza ndani ya jani, humchoma akapooza, hutaga yai pembeni yake. Mtoto wa nyigu humla funza. Ukipiga dawa ovyo, mlinzi anakufa, mwizi anabaki.

3. UFANYE NINI BASI?

Usinunue miche yenye mistari wala vitobo. Usipande maharage mapya kando ya yale ya zamani yaliyoshambuliwa. Ukivuna, ondoa masalia. Mistari ikiwa michache kwenye mmea mkubwa, usiogope. Mmea huvumilia, na nyigu wako kazini. Ikizidi, muulize bwana shamba dawa inayopenya ndani ya jani na isiyomaliza nyigu.

Kijana, usingoje shamba likauke ndipo uulize. Kesho asubuhi ingia shambani, chuma jani moja, liinue juani. Je, ndani yake unaona nini?