Shule Iko Mbali: Malalamiko Yetu Yafikeje Halmashauri?

Leo tujifunze juu ya jambo linalowauma wazazi wengi wa Mkoa wetu wa Songwe. Nalo ni mwendo wa watoto wetu kwenda shule.

Huku vijijini wapo watoto wanaotoka nyumbani alfajiri, giza bado lipo. Mvua zikianza, mito hujaa na njia hukatika. Mtoto anafika darasani amelowa, amechoka na ana njaa. Jioni binti anarudi peke yake, na mwenye pikipiki anamwambia, "Panda nikusogeze." Lifti hiyo mara nyingi si ya bure. Mabinti wengine wameachia shule hapo. Tunduma mjini taabu ni nyingine: mtoto anavuka barabara kuu ya kwenda Zambia katikati ya malori.

Wazazi tunalalamika. Kisimani tunasema, "Shule mpya wamewajengea wenzetu, sisi wametusahau." Kilabuni tunasema, "Diwani tumeshamwambia, kimya." Malalamiko hayo yana haki. Lakini tujiulize: yameandikwa wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo ni hivyo hivyo.

Tujue tunadai nini

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria shule ya msingi. Lakini sheria hiyo hailazimishi halmashauri kumpeleka mtoto shule kwa gari. Kule England halmashauri hulazimika. Mtoto wa miaka 8 na kuendelea, ambaye shule yake iko zaidi ya maili 3 (karibu kilometa 5), husafirishwa bure. Mzazi akinyimwa, anakata rufaa.

Hapa kwetu njia inayotumika zaidi ni kuisogeza shule karibu na mtoto. Mwaka 2021 serikali ilitoa fedha za kujenga madarasa 15,000 nchini, na kati ya hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Shule shikizi ni madarasa yanayojengwa karibu na makazi, chini ya shule mama, ili watoto wadogo wasitembee mbali. Kwa hiyo tunaweza kuomba shule shikizi, hosteli ya wasichana, kivuko cha mto, au alama za kuvukia barabara. Tuchague ombi moja, lile linaloondoa taabu yetu kubwa.

Tupime

Neno "mbali" halitoshi. Mbali ni kiasi gani? Tuchukue mfano wa mtoto anayetembea kilometa 6 kwenda na 6 kurudi. Kwa siku ni kilometa 12. Kwa wiki ya siku 5 ni kilometa 60. Mwaka una siku 194 za masomo, basi 12 mara 194 ni kilometa 2,328. Kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam ni zaidi kidogo ya kilometa 900. Mtoto huyo ametembea kwa mguu mpaka Dar es Salaam, akarudi Tunduma, akaanza safari tena. Hesabu hiyo ina nguvu kuliko kelele.

Tuandike pia idadi ya watoto, umri wao, siku walizokosa shule kwa sababu ya mto, na walioacha masomo. Mwalimu mkuu anayo daftari ya mahudhurio. Tumwombe atusaidie.

Tuandike

Barua iwe fupi. Huu ni mfano:

"Sisi wazazi wa kitongoji hiki tuna watoto 43 wa darasa la 1 hadi la 4. Shule iko kilometa 6. Kati ya Januari na Machi watoto walikosa siku 11 kwa sababu mto ulijaa. Tunaomba shule shikizi ya madarasa mawili. Eneo tunalo, na tumekubaliana kuchimba msingi na kusomba mawe na mchanga. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Tuweke tarehe na sahihi, na nakala moja tubaki nayo.

Tufuate ngazi

Kwanza barua isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika angalau kila miezi mitatu. Mjini ni mkutano wa mtaa. Tuhakikishe imeingia kwenye muhtasari. Kutoka hapo iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kisha ifike kwa mkurugenzi na Baraza la Madiwani. Vikao vya baraza ni vya wazi. Twende tukasikilize wenyewe.

Wakati nao ni muhimu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Barua ikipelekwa Julai, fedha zimeshagawanywa. Tuipeleke mapema, wakati vijiji vinaandaa mipango, miezi mingi kabla ya hapo.

Lakini konda akimkataa mwanafunzi mwenye nauli yake, tusingoje baraza. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, pamoja na ile ya wanafunzi. Tuandike namba ya basi, siku na saa, tupeleke LATRA au kwa askari wa usalama barabarani.

Jibu likiwa "hapana"

Tuulize sababu. Huenda kijiji cha pili kina watoto wengi zaidi, au wanatembea mbali kuliko wa kwetu. Hiyo ni sababu ya haki, na sisi tuombe zamu yetu iandikwe. Lakini ikiwa hatupewi sababu, au tunaona upendeleo, twende kwa Mkuu wa Wilaya. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001. Hiyo hupokea malalamiko ya wananchi juu ya matumizi mabaya ya madaraka.

Ndugu wasomaji, tulipojifunza kusoma na kuandika hatukujifunza ili kutia sahihi tu. Kalamu ni chombo cha kazi kama jembe. Tuitumie kabla mvua hazijaanza na mito haijajaa tena.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Mtoto wa mbali kuliko wote kitongojini kwenu anatembea kilometa ngapi kwa mwaka? Pigeni hesabu.
2. Mkutano wa mwisho wa kijiji chenu ulifanyika lini? Nani ameuona muhtasari wake?
3. Mkiruhusiwa kuomba jambo moja tu kwa ajili ya njia ya shule, mtaomba nini? Kwa nini?