Jifunze Ufundi: Mkanda wa Kamera Uliovikwa Leso

Kwenye harusi au mkutano wa hadhara, si ajabu kukuta wapiga picha watatu au wanne, kila mmoja na kamera nyeusi, mkanda mweusi na begi jeusi. Vifaa vikiwekwa pamoja wakati wa chakula, ni rahisi mtu kuondoka na cha mwenzake. Alama inayotambulika kwa mbali huzuia mkanganyiko huo. Katika toleo hili tunajifunza kuuvika mkanda leso, kwa mkono, nyumbani.

Kanuni ni moja: leso ni pambo, si tegemeo. Uzito hubebwa na utepe wa nailoni uliokuja na kamera. Usiukate wala usiutoboe kwa sindano. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuukata wake na kuunga kitambaa cha pamba katikati. Mshono uliachia akiwa kazini, na lenzi ikavunjika. Kwa kijana ambaye kamera ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba, hasara kama hiyo inaweza kumfungia kazi.

Mahitaji: pindo la leso isiyochakaa, uzi imara, sindano, makasi, pini, lastiki nyembamba na tepu ya kupimia. Pindo linafaa kwa sababu ni refu na nakshi yake imepangwa kwa mstari.

1. Fua leso kwanza, urudie hadi maji yatoke meupe. Leso mpya huchuja rangi, na jasho la shingoni litaihamishia kwenye shati lako. Anika, kisha piga pasi.

2. Pima mkanda. Ukiwa na upana wa sentimita 4, zidisha kwa mbili upate 8, ongeza 1 ya nafasi na 2 za mshono. Jumla ni 11. Sehemu pana ikiwa na urefu wa sentimita 60, ongeza 4 za kukunja ncha. Kata kipande cha 64 kwa 11.

3. Kunja kila ncha sentimita 2 kwa ndani na ushone, ukiacha mfereji wa kupitisha lastiki.

4. Kunja kipande kwa urefu, nakshi ikiwa ndani. Shona sentimita 1 kutoka ukingoni, lakini usizibe midomo ya mifereji. Kisha funga pini kwenye ncha moja, uisukume ndani hadi itokee upande wa pili, ili kitambaa kigeuke.

5. Piga picha kwa simu namna mkanda unavyopita kwenye vifungo vya kamera. Chomoa upande mmoja, vuta leso juu ya mkanda, pitisha lastiki na ukaze. Rudisha mkanda kama ulivyouona pichani.

6. Jaribu kabla ya kuamini. Chomoa mkanda tena, ufunge kwenye chupa ya maji ya lita 2, ambayo ina uzito wa takriban kilo 2. Ining'inize juu ya godoro na uitikise. Ukiridhika, rudisha mkanda kwenye kamera na uvute kila upande kwa nguvu. Kifungo kikiteleza, kifunge upya.

Kifuniko cha lenzi nacho kinaweza kuwekewa alama kwa rangi ya kucha. Kivue kwanza, paka upande wa nje pekee, mbali na kamera, na ukiache kikauke usiku kucha. Rangi ikigusa kioo, ni hasara.

Mwisho, usifunike namba ya utambulisho iliyo kwenye mwili wa kamera. Iandike daftarini leo. Leso itakusaidia kuijua kamera yako mezani, lakini ikiibwa, mwizi huvua leso kwanza. Namba hiyo ndiyo utakayoipeleka kituo cha polisi.