Bando, WiFi ya nyumbani na king'amuzi: piga hesabu ya mwezi mzima kabla hujalipa

Somo la leo linahusu hela inayotoka kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwezi hujui imeenda wapi: bando, dakika, WiFi na king'amuzi.

Sisi tunaouza mtandaoni hatulipi pango la fremu Kariakoo, lakini tunalipa intaneti. Intaneti ndio fremu yetu. Ikikatika saa mbili usiku wateja wanapouliza bei, duka limefungwa. Ikiwa ghali kupita kiasi, unauza mzigo wote halafu faida inabaki kwenye vocha.

Kosa la wengi ni kulinganisha bei ya tangazo: huyu anatoa GB nyingi, yule ana ofa ya usiku. Linganisha kitu kimoja tu: kwa mwezi mzima natoa shilingi ngapi ili kazi yangu iende? Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Andika unachotoa sasa hivi

Chukua daftari. Usikadirie, fungua meseji za muamala uhesabu. Bei ninazotumia hapa chini ni za mfano tu, wewe weka za kwako.

Tuseme unauza madera mtandaoni na nyumbani mko wanne:

• Bando la siku 2,000 × siku 30 = 60,000
• Dakika za wiki 3,000 (kwa mwaka 156,000, gawa kwa 12) = 13,000
• Bando za wengine nyumbani 1,000 × siku 30 = 30,000
• King'amuzi = 23,000

Jumla: 126,000 kwa mwezi.

Sasa igeuze iwe mzigo. Kama kila dera linakuachia faida ya 4,000, basi madera 32 ya mwanzo kila mwezi unayauza kwa ajili ya mawasiliano na TV tu. Dera la 33 ndio linaanza kulisha familia. Ukiiona hivyo, buku mbili ya kila siku haionekani ndogo tena.

HATUA YA 2: Jua GB zako zinaliwa na nini

Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data. Utaona kila programu imekula kiasi gani kwa mwezi. Wengi wakiangalia wanashangaa: meseji za wateja zinakula kidogo sana. Kinachomaliza bando ni video za kuangalia, na picha na video za magrupu zinazojishusha zenyewe.

Kwenye WhatsApp zima kujipakua kwa picha na video unapokuwa kwenye data ya simu. Hiyo ni bure, fanya leo.

Kwa video, hesabu ni hii. Video inayotumia kasi ya Mbps 2 inakula karibu GB 0.9 kwa saa. Saa tatu kwa siku ni GB 2.7. Kwa siku 30 ni GB 81. Kwa hiyo familia inayoangalia tamthilia kwa hotspot ya simu yako inamaliza bando la biashara yako. King'amuzi hakili GB hata moja, hata kikiwaka kutwa nzima. Kumbuka hili, tutalirudia.

HATUA YA 3: Zijue njia tatu, na kila moja inamfaa nani

Njia ya kwanza: bando la simu. Haina gharama ya kufungiwa, unatembea nalo, umeme ukikatika linaendelea. Ubaya wake ni kwamba lina kikomo, na ukinunua la siku unaweza kulipa zaidi kwa kila GB kuliko la mwezi. Tunanunua la siku kwa sababu hela ya mwezi haipo mkononi. Dawa ni kibubu. Kama bando la mwezi ni 35,000, weka 1,200 kila siku kabla hujagusa mauzo. Siku 30 zikifika una 36,000.

Njia ya pili: ruta ya laini, ya 4G au 5G. Mitandao ya simu inaziuza kwa ajili ya nyumbani. Unaichomeka kwenye umeme, nyumba nzima inapata WiFi. Hakuna kuchimba wala kuvuta waya. Ila inategemea mnara: jioni watu wakiwa wengi kasi inashuka, na jioni ndio muda wetu wa kuuza. Kabla hujanunua, omba laini ya mtandao huo kwa jirani, iweke kwenye simu yako, kaa pale ruta itakapokaa, jaribu saa mbili usiku. Usijaribu saa nne asubuhi ukaridhika.

Njia ya tatu: faiba. Waya unaingia mpaka ndani. TTCL wanayo, na kampuni nyingine pia, hasa mijini. Kasi yake imetulia kuliko ya mnara. Ubaya: haijafika kila mtaa, kunaweza kuwa na gharama ya kufungiwa, na ukihama nyumba hubebi waya. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kwanza.

HATUA YA 4: Angalia kasi ya kupakia, sio ya kupakua tu

Mtangazaji akisema "kasi ya 20" mara nyingi anazungumzia kupakua, yaani kuangalia vitu vya wengine. Sisi kazi yetu ni kupakia: picha za mzigo, video, kwenda live.

Na kuna mtego wa herufi. Kasi hupimwa kwa megabiti (Mb), ila ukubwa wa video ni megabaiti (MB). Baiti moja ni biti 8. Video ya MB 40 ni megabiti 320. Ukiwa na kasi ya kupakia ya Mbps 1 itachukua sekunde 320, zaidi ya dakika tano. Ukiwa na Mbps 5 ni sekunde 64. Kama unapost video kumi kwa siku, tofauti hiyo ni zaidi ya dakika 40 za kazi kila siku.

HATUA YA 5: Sasa linganisha

Turudi kwa muuza madera wetu anayetoa 126,000.

Chaguo A, abaki na simu ila anunue la mwezi:
Bando la mwezi 35,000 + dakika za mwezi 10,000 + bando za nyumbani zipunguzwe mpaka 20,000 + king'amuzi 23,000 = 88,000. Ameokoa 38,000. Hajalipa fundi, hajanunua kifaa.

Chaguo B, afunge WiFi isiyo na kikomo:
WiFi 70,000 + dakika 13,000 + bando dogo la akiwa njiani 10,000 + king'amuzi 23,000 = 116,000. Ameokoa 10,000 tu. Kama kufungiwa ni 100,000, itachukua miezi kumi kurudisha hela yake.

Chaguo C, afunge WiFi halafu asitishe king'amuzi:
93,000. Ameokoa 33,000. Gharama ya kufungiwa inarudi kwa miezi mitatu na kidogo.

Umeona? Kwa anayepost picha na kujibu meseji, chaguo A linatosha kabisa. WiFi inaanza kulipa pale unapokwenda live mara kwa mara, unapopakia video nyingi, au nyumbani mkiwa wengi na mnaangalia vipindi kwa intaneti. Usifunge WiFi kwa sababu mwenzako kafunga.

Na hapa ndipo lile la king'amuzi linarudi. Ukiwa na bando lenye kikomo, king'amuzi ndio njia rahisi ya kuangalia TV, usikitupe. Ukiwa na WiFi isiyo na kikomo, unalipia TV mara mbili. Kaeni kama familia muulizane nani anaangalia nini. Kama ni mpira tu, lipia miezi ya ligi na mapumziko uache. Mtu wa Simba na Yanga ataangukia Azam kwa sababu Ligi Kuu ya Bara iko huko. Mtu wa ligi ya Uingereza ataenda DStv. Hakuna sababu ya kulipia vyote viwili kama nyumbani mpenzi wa mpira ni mmoja.

HATUA YA 6: Maswali ya kumuuliza muuzaji kabla hujatoa hela

1. Hii bei ni ya kudumu au ni ofa? Mwezi wa nne nitalipa ngapi?
2. "Isiyo na kikomo" ina maana gani? Nikifika GB fulani kasi inashuka? Inashuka mpaka ngapi?
3. Ruta ni yangu au nimeazimwa? Ikiungua nani analipa?
4. Kasi ya kupakia ni ngapi?
5. GB zikibaki mwisho wa mwezi zinaendelea au zinapotea?
6. Ikikatika siku tatu, napigia nani, na hizo siku nafidiwa?

Akikujibu kwa mdomo, mwambie akutumie kwa meseji. Kama hataki kuandika, jibu umeshalipata.

Haki zako pia uzijue. Kwa kanuni ndogo za vifurushi ambazo TCRA ilizitoa mwaka 2021, mtandao unatakiwa kukujulisha matumizi yako yakifika asilimia 75 na yakifika asilimia 100. Ukiwa na malalamiko, anza na kampuni yenyewe na utunze namba ya malalamiko. Wasipokusikiliza, peleka TCRA.

TAHADHARI TATU ZA MWISHO

Namba yako usiipoteze. Wateja wameihifadhi, ipo kwenye kila tangazo lako. Tangu Machi 2017 Tanzania ina huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Ukitaka kuhama, nenda kwa wakala wa mtandao unaohamia ukiwa na kitambulisho. Ila kabla hujahama, toa hela zote kwenye akaunti ya simu na lipa deni la salio ulilokopa. Lipa namba yako ya mtandao wa zamani nayo haihami, kwa hiyo waarifu wateja mapema wasije wakatuma hela kusikofaa.

Usiweke mayai yote kwenye kapu moja. WiFi inazimika umeme ukikatika. Weka akiba ya bando dogo kwenye simu, la mtandao tofauti ikiwezekana. Bando la buku linaweza kuokoa oda ya elfu hamsini.

Tenganisha ya duka na ya nyumbani. Bando la kujibu wateja ni gharama ya biashara, liandike kwenye daftari la biashara. King'amuzi na bando za watoto ni matumizi ya nyumbani, yatoke kwenye hela unayojilipa wewe. Ukichanganya, utaona biashara hailipi kumbe ni tamthilia ndio inakula mtaji.

KAZI YA LEO: Hesabu hatua ya 1 peke yake. Andika jumla yako ya mwezi, gawa kwa faida ya bidhaa moja unayouza, uone unauza vipande vingapi kwa ajili ya mawasiliano. Tuwekee namba hiyo kwenye maoni, tusaidiane pa kupunguza.

Hifadhi somo hili, na mtumie mwenzako anayenunua bando mara mbili kwa siku.