Dadu Haina Kumbukumbu



Ukipita jioni Mji wa Kale, Mombasa, utakuta watu wamekaa barazani: hawa bao, wale dhumna, wengine ludo. Bao ni akili tupu, tuliache. Ludo ina dadu, na kwenye dadu ndiko maneno huanza. "Nimerusha mara tano sijapata sita, ya sasa lazima itoke!" Lazima gani? Dadu ina pande sita, na kila ukirusha, sita ina nafasi moja kati ya sita. Yaliyopita dadu haiyajui.

Basi nikirusha mara sita, si nitaipata? La. Hebu tuhesabu kukosa, ndiyo njia rahisi. Ukirusha mara moja, nafasi ya kukosa ni 5 kati ya 6. Kwa mara sita, 5×5×5×5×5×5 ni 15,625. Fanya 6 vivyo hivyo, ni 46,656. Gawanya: ni kama theluthi moja. Yaani katika kila watu watatu wanaorusha mara sita, kwa wastani mmoja huinuka hajaiona sita.

Kwenye ludo atachekwa tu. Lakini nenda na hesabu hiyo kwenye meza ya pata potea. Mwenye meza asema: weka shilingi 10 kwa namba moja, ikitoka nakupa 50, na kumi yako imo humo. Tamu! Cheza mara 60, umetoa 600. Namba yako itatoka kama mara 10, umepokea 500. Mia imebaki kwake, wala hajaiba, dadu yake ni nzima. Wewe waweza kushinda jioni moja. Yeye anacheza na kila mtu. Kamari za simu zilizoenea Kenya tangu miaka ya 2010 zimejengwa juu ya hesabu hiyo hiyo.

Tunayemhofia ni mweka hazina aliyeliwa pesa za mzunguko, kisha akasema, "Nimepoteza mara nyingi, sasa zamu yangu imekaribia." Zamu iko kwenye mzunguko wa chama, ambako kila mwanachama hupokea. Kwenye dadu hakuna zamu.

Zoezi: mkikutana, leteni dadu moja na maharagwe. Mmoja awe mwenye meza. Wengine kila mtu apewe punje 20, aweke punje moja kila mara, mara 20. Akipata namba yake alipwe punje tano. Mwenye meza aje na bakuli kubwa.