Kuchoka kwa Moyo: Je, ni Upungufu wa Imani?

Ndugu Waislamu, limetufikia swali katika darsa yetu, nalo ni swali la watu wengi ingawa walisemao ni wachache. Mtu ana kazi, ana jamaa, na sala tano anazisali. Lakini siku hizi akiamka asubuhi huwa amechoka kama aliyekesha. Kazi aliyokuwa akiipenda yamchukiza. Watoto wakimsemesha huwakemea kwa jambo dogo, kisha hujuta. Hata sala aiona nzito. Akitaka shauri kwa watu wazima, mmoja humwambia, "Imani yako imepungua, zidisha ibada." Mwengine humnong'oneza, "Hiyo ni husuda, nenda ukatazamwe." Je, ni lipi la kweli katika mawili haya?

Twajibu kuwa mara nyingi hapana la kweli hata moja, na yote mawili yaweza kumdhuru. Yule wa kwanza amemtwika mzigo mwengine mtu aliyekwisha kulemewa. Yule wa pili amempeleka kwa mganga akanunue hirizi na kuchinja mbuzi wa kafara kwa fedha za ada ya skuli ya mtoto, arudi nyumbani na deni juu ya uchovu wake.

Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika kwa kupotea mwanawe hata macho yake yakawa meupe, na huzuni yake hiyo aliipeleka kwa Mola wake. Khabari hiyo imo katika Sura ya 12, aya ya 84 na ya 86. Nani athubutuye kusema kuwa Yaakub alipungukiwa na imani?

Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.), ametueleza katika hadithi aliyoipokea Bukhari kuwa alikuwa akimsikia mara nyingi akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na mambo manane. La kwanza ni hamm, ambayo wanavyuoni wameieleza kuwa ni wasiwasi wa jambo lijalo. La pili ni hazan, huzuni ya jambo lililokwisha kupita. Kisha kushindwa, na uvivu, na ubakhili, na woga, na uzito wa deni, na kushindwa nguvu na watu. Tuyazingatie hayo mawili ya mwisho. Deni halimo moyoni mwa mtu. Limo katika daftari ya mwenye duka, na siku hizi limo katika simu, ambayo hukopesha usiku na kudai asubuhi. Wala kushindwa nguvu na watu si jambo la kuwaziwa. Ni tendo la mtu mwengine. Basi Mtume amezikusanya katika dua moja dhiki za ndani ya moyo na mambo ya nje yanayozileta. Amtibuye mtu huzuni yake asiulize khabari ya deni lake, wala ya bwana wake wa kazi, huyo ameshika nusu ya dua na kuiacha nusu.

Madaktari wa zama zetu nao wamefika karibu na hapo. Katika mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kwa alama tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi yake au kuidharau, na kujiona hafanyi la maana. Halikuuita maradhi, lilisema ni jambo litokanalo na dhiki ya kazi iliyodumu bila ya kutengenezwa. Lakini sisi Waislamu hatukuwa na haja ya kungoja hadi mwaka huo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi. Ndani yake aliwalaumu matabibu kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi, hali ya kuwa kiumiacho kimoja humuumiza mwenziwe. Akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ijulikanayo sababu yake, na ile isiyokuwa na sababu ya kuonekana, ambayo asili yake aliiona kuwa ni mwilini na hutaka dawa ya mwili. Ajabu ni kuwa baada ya miaka zaidi ya elfu moja wako miongoni mwetu waonao haya kumpeleka mgonjwa wa huzuni hospitalini, wala hawaoni haya kumpeleka kwenye ngoma ya pepo. Mtu akikosa usingizi wiki baada ya wiki, au akianza kutamani kufa, na apelekwe kwa daktari upesi kama apelekwavyo mwenye homa.

Ama shauri la kuzidisha ibada kwa aliyechoka, Mtume mwenyewe amelikataa. Aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa kuwa ni ya Bibi Zaynab, huishika akichoka katika sala. Akaamrisha ifunguliwe, na mtu asali akiwa na nguvu, na akichoka apumzike. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na Salman alipomwona nduguye Abu Darda anafunga kila siku na kusimama kila usiku, na mkewe ameachwa kama asiyekuwa na mume, alimfunguza saumu yake, akamlaza, na akamwambia kuwa Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani wana haki yao. Mtume alipoambiwa alisema kuwa Salman amesema kweli.

Sasa tuje nyumbani, kwani hapa ndipo penye kosa kubwa. Kisa cha Bibi Fatma huhubiriwa sana kwa wanawake wetu. Mikono yake ilikuwa imeharibika kwa jiwe la kusagia, akenda kwa babake kuomba mtumishi, na asimkute. Usiku Mtume akawaendea, akawafundisha tasbihi 33, tahmidi 33 na takbiri 34 wakati wa kulala, akasema kuwa hayo ni bora kuliko mtumishi. Mhubiri husimama hapo, akawaambia wake za watu, "Basi subirini."

Lakini kisa hakikusema hivyo tu. Mtume hakumkemea binti yake kwa kushitaki. Alimwendea mwenyewe usiku huo huo, akaketi baina yake na mumewe. Katika mapokezi ya Imam Ahmad sababu ya kumnyima imetajwa: hakutaka kumpa yeye na kuwaacha watu wa Suffa na njaa matumboni mwao. Na uradi ule hakumfundisha Fatma peke yake. Aliwafundisha wote wawili, na Sayyidna Ali amesema kuwa hakuuacha tena, hata usiku wa Siffin. Ni wanaume wangapi kwetu wausomao huo uradi waliowaachia wake zao? Kisha Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na sala ikifika hutoka akaenda kusali. Hii ni hadithi ya Bukhari, na ni nadra kuisikia katika khutba za arusi.

Mke aamka saa kumi za alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, awatengeneza watoto kwenda skuli, aenda kazini kwake, arudi amuuguze mama wa mumewe, na mume yuko barazani. Nasi hatuichukii baraza. Kahawa na mazungumzo ya marafiki ni katika dawa za uchovu. Tusemalo ni kuwa dawa hii hunywewa na mmoja katika nyumba yenye wachovu wawili.

Wako waliojipumzisha kwa njia nyepesi zaidi: wameutwaa mzigo wa mume na wa mke wakamtwika msichana wa kazi. Huyu huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, wala hapana aulizaye moyo wake. Abu Dharr amepokea kuwa Mtume amewaita watumishi ndugu zetu, akatukataza kuwakalifisha wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Maneno hayo yalikuwa juu ya watumwa. Basi aliye huru ana haki zaidi. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi kwa uchache siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya mwaka yenye mshahara isiyopungua siku 21 za kazi, naye mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama karani wa bandarini. Aliye naye nyumbani mwake na amuulize leo ni siku gani aitakayo.